Maneno ya Kibao cha Mathias

Kibao kilikuwa tayari tangu Jumatatu. Bati pana lililopakwa rangi ya bluu, miguu miwili ya chuma, na juu yake herufi nyeupe zilizonyooka: MATHIAS NA BINTI, WAJENZI. Chini ya herufi hizo palikuwa patupu. Hamudi, mchora vibao wa Masasi mjini, alikuwa ameshakuja mara tatu na kopo lake la rangi nyekundu, na mara tatu aliondoka nalo bila kulifungua, kwa sababu baba na binti walikuwa hawajakubaliana maneno ya kuandika pale chini. Na ofisi yenyewe ilikuwa ifunguliwe Jumamosi.

"Biashara bila kaulimbiu ni nyumba bila mlango, baba," alisema Justina.

"Nyumba bila mlango ndiyo watu huingia bila hodi," alijibu Mathias.

Justina alikuwa na miaka ishirini na sita na stashahada ya biashara aliyoipata Mtwara. Kwa miaka miwili ndiye aliyekuwa akiandika makadirio, akizungumza na wateja na kuwakumbusha mafundi kwamba saa mbili asubuhi maana yake si saa nne. Neno BINTI pale kibaoni hakuliomba. Mathias mwenyewe ndiye aliyemwamuru Hamudi aliandike, na aliandike kubwa. Ila kwenye kaulimbiu mzee alikuwa mgumu kama zege la wiki tatu.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema.

"Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi hata chema kinavaa viatu kikatembea." Justina akafungua daftari. "Sikiliza hii: Tunajenga Ndoto Zako."

"Jana nimeota nakimbizwa na mbuzi. Nani atanijengea hiyo?"

Nurdini, fundi paa wao, alikuwa amekaa mlangoni akinoa msumeno. Yeye alipendekeza waandike NYUFA SI ZETU, ili mteja asije kulalamika baadaye, na akacheka peke yake mpaka akakohoa. Justina akamwambia anoe msumeno.

Siku ya Alhamisi Justina aliingia ofisini uso umemkunjuka. Usiku kucha alikuwa akipekua orodha ya nyumba zote walizojenga, kuanzia Lisekese walikoishi, Ndanda, mpaka Newala na vijiji vyake, na asubuhi alikuwa amepiga simu ishirini na kitu. Hakupata mteja hata mmoja mwenye lalamiko. Si ufa, si paa linalovuja, si msingi uliotitia.

"Nimelipata," alisema. "Na ni la kweli, baba, si maneno ya kuokota. Sikilizeni. Miaka Ishirini na Moja Bila Kosa."

Nurdini akapiga makofi. Hamudi, aliyekuwa amekuja tena, akafungua kopo kabla hajaambiwa. Mathias alikuwa ameshika pimamaji lake la zamani, lile la mbao alilopewa alipomaliza mafunzo ya uashi kwenye karakana za misheni Ndanda. Aliliinamisha, akatazama lile povu dogo likikimbilia upande mmoja wa kioo, akaliinamisha tena likakimbilia upande wa pili.

"Funika rangi, Hamudi," alisema mwishowe. "Justina, kesho tunapanda Newala, kule Mkunya. Kwa Mama Faidha."

Justina alifurahi. Alidhani baba yake anataka wakapige picha ile nyumba ya kwanza, iwekwe ukutani siku ya ufunguzi. Mathias alimwacha adhani hivyo, kwa sababu siku hiyo hakuwa na nguvu ya kumwambia lolote.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mafundi, kwa kuwa wenyewe hawatausema. Fundi anaweza kukuapia kwa mama yake kwamba Jumatatu yuko kwako, na Jumatatu hiyohiyo ukampigia simu akakwambia yuko msibani, na nyuma yake ukasikia muziki. Nyumba ikiharibika ndiyo basi tena. Utamtafuta kama mbuzi aliyekata kamba. Mathias hakuwa fundi wa namna hiyo, na Masasi nzima ilijua. Lakini Mathias alijua jambo ambalo aliamini Masasi hailijui, na alikuwa amelibeba miaka ishirini na moja.

Alipanda uwanda wa Newala mara ya kwanza akiwa kijana wa miaka ishirini na tisa, pimamaji ndani ya gunia, akitafuta kazi. Kila alikopita walimpa uji na kumtakia safari njema. Nani ampe nyumba mtu wa bondeni asiyemjua? Mama mmoja tu ndiye aliyempa. Aliitwa Rukaiya, Mama Faidha, mkulima wa korosho, mumewe amefariki mwaka uliotangulia, na msimu ule korosho zilikuwa zimemwendea vizuri. Alimtazama Mathias mikono, hakumtazama uso, akasema, "Hii mikono imefanya kazi. Anza Jumatatu." Akampa nyumba nzima, kuanzia msingi hadi paa.

Mathias akajenga. Kuta zilinyooka, milango ilifunga bila kusukumwa. Mwishoni akaja kwenye gata, ile mifereji ya bati ya kukinga maji ya paa, na hapo ndipo alipoharibu.

Kwa watu wa Masasi, kazi ya paa ni kufukuza mvua. Maji yakidondoka, fundi anayaelekeza chini, mbali na msingi, yaende zake. Kule Newala ni kinyume. Uwanda uko juu, mito iko mbali kule mabondeni, na paa la nyumba ndilo shamba la maji. Kila tone linalodondokea bati lina mahali pake kisimani. Kisima cha Mama Faidha kilichimbwa upande wa juu wa kiwanja, karibu na jiko. Mathias alilijua hilo, na bomba la kupeleka maji kisimani alilifunga mwenyewe pale pembeni. Lakini alipokuwa akipigilia ule ubao wa ukingo wa paa, ambao mafundi wanauita fishabodi, pimamaji lilikuwa chini, ngazi ilikuwa ndefu, na jua lilikuwa kali. Akatumia jicho. Jicho lake lilizaliwa Masasi, na mkono ukafuata ardhi. Gata zote zikalala kuelekea upande wa chini, upande uliozibwa, usio na bomba wala kisima.

Kiangazi hakikuonyesha kitu. Alipewa haki yake na kuku wawili, akashuka kwao Lisekese akiimba.

Mvua ya kwanza ya Desemba ilimkuta sokoni Lisekese, amejibanza kibarazani kwa watu. Alikuwa akiangalia maji yakishuka kwenye gata ya duka la mbele yake, yakikimbia kuifuata ardhi, na ghafla mikono yake ikakumbuka ilichofanya. Hakuna aliyemwambia. Alijua palepale.

Angepaswa kupanda kesho yake. Alisema atakwenda Krismasi ikipita. Ikapita. Akasema barabara imeharibika, kisha akasema ana palizi. Akaanza kupita njia za miguu ili asikutane na magari ya Newala barabara kuu. Mvua zikanyesha Januari, zikanyesha Februari, na kila iliponyesha alilala amejifunika kichwa asiisikie juu ya bati. Ilikuwa katikati ya Machi alipofunga ngazi juu ya fuso la mizigo na kupanda, mvua nyingi zikiwa zimeshamwagika.

Alitegemea matusi. Mama Faidha alitoka jikoni, akamtazama, akasema, "Karibu, fundi. Pole na safari."

Kazi ilichukua siku sita, kung'oa na kupigilia upya, safari hii kwa pimamaji. Alilala chumba cha uani. Na kila jioni, kazi ilipoisha, alikuta nyuma ya nyumba ndoo ya maji ya kuoga imefunikwa kwa ungo, imejaa pomoni, na sabuni pembeni. Siku tatu alioga bila kufikiri. Siku ya nne aliamka mapema, akamwona Mama Faidha na bintiye wanaingia uani kutoka bondeni, ndoo vichwani, miguu imejaa tope jekundu mpaka magotini. Ndipo alipokwenda kufunua kisima. Chini kabisa palikuwa na maji ya kina cha kiganja. Ile ndoo ya kuogea ilikuwa ikichotwa kwenye chemchemi ya mtelemkoni, saa mbili kwenda na saa mbili na zaidi kurudi, na aliyeisababisha safari hiyo ndiye aliyekuwa akiioga.

Hakusema asante. Siku ya sita alipigilia msumari wa mwisho, akaaga akitazama chini, akaondoka.

Tangu hapo alikwenda kumwamkia Mama Faidha kila Idi, na sukari kilo tano, lakini neno lile hakuwahi kulitoa. Na tangu hapo hakukubali kutumia maji ya mteja wa uwandani, ya kuoga wala ya kukorogea saruji. Alipanda na madumu yake yamejaa kutoka Masasi. Watu waliona ni mazoea ya mzee. Justina aliona ni kupoteza mafuta, maana siku hizi Newala bomba lilikuwa likitoka siku nyingi, na alikuwa amekwisha kumwambia baba yake waache. Mathias alijibu tu, "Pakia madumu."

Kilichomshangaza zaidi ni wateja. Mwaka uleule walianza kuja. "Nimetumwa na Mama Faidha," walisema, mmoja baada ya mwingine. Mzee Abdulrazaki, jirani wa mama huyo, ndiye aliyekuwa wa kwanza. Mathias alielewa kwamba yule mama amemsitiri, amelimeza kosa lake na kumsifu mbele za watu. Jina lake lote lilisimama juu ya sitara hiyo. Na sasa binti yake alitaka kupaka rangi nyekundu juu yake: bila kosa. Akinyamaza, uongo ungesimama barabarani ukiwa na jina la mwanawe. Akisema, mwanawe angejua kwamba baba anayemwamini hivyo aliwahi kujificha miezi mitatu kwenye njia za miguu.

Ijumaa asubuhi waliondoka na kirikuu chao, kile kigari cha mizigo, Justina akiendesha, madumu yakigongana nyuma. Njiani alizungumza yeye tu. Aliongea habari za picha, za viti vya kuazima, za kama Padri aje kubariki ofisi kabla ya pilau au baada yake. Gari lilipoanza kupanda mlima, Mathias alifungua mdomo mara mbili, na mara mbili akasema tu, "Angalia kona."

Walimkuta Mama Faidha uani, amekaa mkekani kati ya lundo la mabibo, akinyofoa korosho na kuzitupa kwenye ungo. Ua wote ulinukia mabibo. Alikuwa amevuka miaka sitini na mitano, kichwa chake cheupe chini ya kanga, ila mikono ilikuwa ileile ya haraka.

"Shikamoo, Mama Faidha."

"Marahaba, Baba Justina. Leo watu wa bondeni mmekumbuka kwamba huku juu pia kuna watu?"

Justina akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe Binti wa kibaoni? Habari zako zimeshafika. Kaeni. Kuna ming'oko inatokota jikoni."

Justina hakungoja viazi hivyo vya porini. Alitoa simu, akaomba ruhusa ya kuipiga picha nyumba, akazunguka akiipiga pembe zote. Akarudi akachuchumaa karibu na mkeka, na kwa furaha yote aliyokuwa nayo akasema, "Mama, kesho tunafungua ofisi, na tumepata maneno ya kibao. Nilitaka wewe uyasikie wa kwanza, maana yanaanzia kwako. Miaka Ishirini na Moja Bila Kosa. Yaani tangu nyumba yako hii."

Mama Faidha aliacha kunyofoa. Alimtazama Justina, kisha akamtazama Mathias. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani na ungo ukapinduka, korosho zikatawanyika mkekani.

"Bila kosa!" alisema akifuta macho. "Nyumba ipi, mwanangu? Hii?"

Justina akabaki ametabasamu tu, kama mtu anayesubiri kufafanuliwa mzaha. Mathias aliinuka kwenye kigoda. Aliona si haki kulisema jambo lile akiwa amekaa.

"Mama yako hajui, na wewe hujui," alimwambia bintiye. "Nyumba hii niliiharibu."

Akasimulia. Alionyesha kwa mkono gata zilivyolala mwanzo, upande bomba lilipo na upande maji yalipokwenda. Alisimulia kisima kitupu na ndoo sita, na ile siku ya nne, tope jekundu mpaka magotini. Justina alikuwa ameiteremsha simu mapajani. Aligeuka akatazama kirikuu pale nje, madumu yamepangwa nyuma, na Mathias aliona usoni mwake kwamba ameelewa.

"Kumbe ndiyo maana," alisema taratibu.

"Ndiyo maana. Lakini sijamaliza." Mathias akamgeukia Mama Faidha. "Hilo la gata wewe unalijua. Kuna lingine hulijui. Sikuja nilipojua, mama. Nilijua Desemba, mvua ya kwanza kabisa, nimesimama sokoni Lisekese. Nikajificha mpaka Machi. Maji yako yote yalimwagika mimi nikijua. Na wewe ukanibebea maji ya kuoga."

Mama Faidha alikuwa ameanza kuokota korosho zake. Aliokota mpaka ya mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nami nikwambie. Hilo nililijua siku uliyofika."

"Ulijuaje?" Mathias akauliza.

"Fundi asiyejua kosa lake akifika huuliza: mama, pana nini? Wewe hukuuliza. Ulishuka kwenye fuso na ngazi begani, hata maji ya kunywa hujanywa, ukaenda moja kwa moja pembe ile ya chini ukaegemeza ngazi. Nikasema moyoni, huyu ana siku nyingi na jambo hili. Na ulikuwa umekonda! Hadithi yako nzima ilikuwa shingoni."

"Na hukusema kitu."

"Ningesema nini kwa mtu aliyekwisha kujisema? Kosa moja haliachi mke, nitaachaje fundi?" Akanyofoa korosho, akaitupa ungoni. "Sikiliza, Baba Justina. Aliyenichimbia kisima, ukuta ulipopasuka alivuka Ruvuma. Mpaka leo yuko Msumbiji. Aliyenijengea jiko alihama kijiji. Mafundi wanaokosea nimewaona wengi. Anayerudi nilikuwa sijamwona. Ulichelewa, ndiyo, lakini ulirudi bila kuitwa. Ndivyo nilivyomwambia kila mtu."

"Ulimwambia nani?"

"Kila mtu. Mkunya nzima. Nilisema, huyu bwana ameyamwaga maji yangu kwa jirani, kisha akarudi mwenyewe kwa miguu yake. Mpeni nyumba. Hata akikosea, huyu havuki Ruvuma."

Mathias akakaa. Kigoda kilikuwa nyuma yake kidogo kuliko alivyodhani, nusura aanguke. Miaka ishirini na moja alikuwa ameilinda siri yake kama yai, na kumbe iko mkekani kwa watu wote.

"Hata Mzee Abdulrazaki alijua?"

"Maji yalikwenda kwa nani? Mipapai ya pale chini ilikuwa yake!" Kicheko kikamrudia. "Mwaka ule alikula mapapai mpaka akachoka. Alikupa nyumba kwa shukrani."

Hapo Justina naye akashindwa kujizuia. Walicheka wote watatu, na katikati ya kicheko Mathias akagundua kwamba machozi yanamtiririka. Hakuyaficha. Alihisi mwepesi, na alihisi amependwa kwa muda mrefu bila kujua. Wateja wote wale, nyumba zote zile. Hawakumpa kazi kwa kuwa hawakulijua kosa lake. Walimpa wakilijua.

Justina alifungua daftari, akakata mstari mnene juu ya maneno yake ya Alhamisi. Akafikiri kidogo, akaandika, akasoma kwa sauti: "Tukikosea, Tunarudi."

Mathias alitikisa kichwa kukubali.

"Limepungua neno moja," alisema Mama Faidha.

"Lipi, mama?"

"Mapema."

Justina akamtazama baba yake. Mathias akasema, "Andika."

Baadaye, wakila ming'oko, alijaribu. "Mama Faidha, yale maji..." Mama Faidha akamsogezea sahani. "Kula, itapoa," alisema, na neno likarudi lilikotoka.

Hamudi alipaka rangi Jumamosi alfajiri, huku akinung'unika. Alisema amechora vibao tangu ujana wake, vya maduka, vya saluni, vya waganga hata, na hajaona mwenye biashara anayejishtaki mwenyewe barabarani. "Tukikosea! Nani anaandika hivyo? Na hili 'mapema' ni la lazima? Herufi zinabanana."

"Zibane," alisema Justina. "Hilo ndilo la lazima kuliko yote."

Siku ya ufunguzi watu walikula pilau na kumtania Mathias. Muuza saruji wa jirani alisoma kibao kwa sauti ya juu, akamuuliza kama anapanga kukosea wiki ijayo au mwezi ujao. Nurdini alisema bado anapenda NYUFA SI ZETU. Mathias alicheka nao. Mama Faidha hakushuka, maana korosho hazingoji, ila alimtuma mtu na kapu la ming'oko.

Mvua ya kwanza ilianza Jumanne moja asubuhi ya Desemba, ghafla, matone makubwa juu ya bati la ofisi. Justina alikuwa anaandika makadirio. Aliinua kichwa, akakutana na macho ya baba yake. Justina alichukua ufunguo wa gari, Mathias akachukua pimamaji, Nurdini akarusha ngazi nyuma ya kirikuu huku akilalamika kwamba hajamaliza chai.

Kiangazi kile walikuwa wamemaliza nyumba nne uwandani. Walizipitia zote mvua ikinyesha. Kwenye nyumba ya mwalimu Dominic, aliyehamishiwa Newala kutoka mkoa mwingine, mwenyewe alitoka na mwavuli, macho yamemtoka.

"Kuna tatizo gani? Mbona mimi sijapiga simu?"

"Tumekuja kabla hujapiga, mwalimu," alisema Mathias.

Gata zilikuwa sawa, zikimimina kisimani. Kiungo kimoja tu kilikuwa kikivuja pembeni, uzi wa maji mwembamba ambao labda mwalimu asingeuona mpaka Pasaka. Nurdini alipanda akakikaza. Mwalimu alisimama chini akiangalia, mwavuli ameusahau begani.

Mwisho wakapita kwa Mama Faidha, ingawa nyumba yake haikuwa na shida tangu Machi ile. Walimkuta mlangoni, amekaa anasikiliza maji yakiingia kisimani. Aliwatazama walivyolowa, akatikisa kichwa, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameshika ndoo imejaa, akaipeleka mwenyewe nyuma ya nyumba, mahali palepale, akaifunika kwa ungo.

"Baba Justina, maji yako ya kuoga."

"Nimeshalowa chapachapa, Mama Faidha. Nioge nini tena?"

"Hiyo ya juu ni ya Mungu. Hii ni yangu."

Nurdini alitaka kucheka, Justina akamkanyaga mguu. Mathias alivua kofia. Alikwenda akasimama mbele ya ile ndoo, mvua ikimpiga mgongoni, kisha akageuka.

"Asante kwa maji, Mama Faidha," alisema. "Haya, na yale."

"Karibu," alisema Mama Faidha. "Oga basi, sabuni inalowa."

Mathias akafunua ungo, akaoga.